Ryzen 7 5800X juu ya bodi mama ya bei ndogo: alama ya dakika ya kwanza na ile ya dakika ya thelathini (Lubumbashi, joto la Oktoba)

montaji_kamalondo (mwenye uzi)

Ndugu zangu, hamjambo. Jambo hili limenisumbua wiki tatu, na sikutaka kuliandika kabla sijawa na namba mkononi. Sasa ninazo.

Kazi yangu ni montaji ya video za harusi hapa Kamalondo. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa harusi zinafuatana kila Jumamosi, na Oktoba inanikuta bado nina deni la watu. Mwaka huu shemeji alipita Dubai, akaniletea prosesa ya AMD, Ryzen 7 5800X. Pesa yote ikaishia hapo. Bodi mama nikainunua hapa mjini, yenye chipu ya A520, ya bei ndogo kuliko zote zilizokuwa dukani. Muuzaji hakunidanganya: nilimuuliza kama inapokea prosesa hiyo, akasema inapokea. Na kweli inapokea.

Siku ya kwanza nikapiga Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa viini vyote. Mzunguko wa kwanza: 14,870. Hiyo ndiyo alama ambayo 5800X inapata kokote duniani, inazunguka karibu na 15,000. Nikafurahi, nikapiga picha ya kioo, nikaituma kwa marafiki, nikafunga kesi ya kompyuta.

Halafu nikaanza kutoa harusi ya kwanza. Video ya saa mbili na dakika kumi, imepigwa kwa 4K, inashushwa hadi 1080p, ina marekebisho ya rangi na kuondoa chengachenga za usiku. Ilichukua saa 3 na dakika 20. Mwenzangu mwenye prosesa kama hii, kwenye bodi nzuri, kazi ya namna hiyo anaimaliza kwa saa mbili na kidogo. Tofauti ya saa nzima! Kwa mtu anayesubiri umeme usikatike katikati ya kazi, saa nzima ni kitu kikubwa.

Nikarudi kwenye Cinebench, safari hii sikuiacha baada ya mzunguko mmoja. R23 ina kipimo cha dakika 10 na kingine cha dakika 30, ndani ya programu yenyewe. Nikachagua 30, saa nane mchana, chumba kikiwa na nyuzijoto 33, kesi imefungwa kama inavyokaa siku zote. Mzunguko wa kwanza 14,870. Kufika dakika ya 10: 12,310. Dakika ya 30: 9,460.

Zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya prosesa imepotea, na hakuna onyo lolote kwenye kioo.

Kilichonichanganya ni joto. Nilifungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na mwendo wa prosesa, pembeni nikawa natazama. Mwanzoni prosesa ilikuwa 84, mwendo 4.4 GHz. Nikadhani joto litapanda hadi 90, ambao ndio mpaka wa 5800X, kisha mwendo upungue. Haikuwa hivyo. Mwendo ulianza kukatika, unaanguka chini ya 1 GHz kwa nusu sekunde, unarudi, unaanguka tena, na joto la prosesa likawa linashuka pamoja nao: 78, 71, 66. Prosesa inapoa huku inazidi kuwa polepole. Kama tatizo lingekuwa kipoza cha prosesa, ningeona kinyume chake.

Jibu lilikuwa mstari mmoja chini kabisa ya orodha ya HWiNFO. Kuna mistari mitatu inayoanza na «Thermal Throttling». Miwili ilisema No. Wa tatu, wenye maneno «PROCHOT EXT», ulisema Yes. Maana yake, amri ya kupunguza mwendo haitoki ndani ya prosesa, inatoka nje yake. Bodi ndiyo inayoomba huruma.

---

fundi_wa_zamani

Mdogo wangu, kabla hujaishtaki bodi, umepima umeme wa nyumba? Hapa kwetu jioni unaweza kukuta volti 165 kwenye soketi. Nimeona kompyuta nyingi zinasumbua kwa sababu hiyo.

---

montaji_kamalondo

Papa, swali lako ni la haki na nililijaribu. Saa nane ile soketi ilikuwa na volti 208. Nikarudia nikiwa kwenye betri na konvertisa, volti 220 zilizotulia, na mwendo ukakatika vilevile.

Halafu tofauti iko hapa: bloku ya umeme ya kompyuta inatoa volti 12 zilezile, soketi iwe na 210 au 180. Soketi ikishuka, bloku inavuta ampea nyingi zaidi na yenyewe inapata joto, lakini prosesa haijui habari hiyo. Ikishuka kupita uwezo wa bloku, mashine inazima au inajiwasha upya. Haipunguzi mwendo taratibu kwa dakika ishirini. Kwa laptopu ni habari nyingine, maana nyingine zikipewa chaja dhaifu zinapunguza mwendo makusudi.

Mwenye kuchoka kwangu ni ile safu ya mosfeti iliyo kando ya prosesa, ambayo kwenye maandishi ya kiufundi wanaiita VRM. Kazi yake ni kupokea volti 12 na kuzishusha hadi volti moja na kitu ambazo prosesa inakula. Watu wengi wanasikia «volti moja» wanadhani ni kazi ndogo. Piga hesabu: prosesa ikila 100 W kwa volti 1.25, hizo ni ampea 80. Ampea 80 ni zile ambazo fundi wa milango anaweka kwenye mashine yake akichomelea kwa fimbo ya milimita 2.5. Zote zinapita kwenye vipande vyeusi vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kwenye bodi za bei kubwa vimefunikwa na aluminiamu nzito. Kwenye yangu viko uchi.

Na ile 105 W iliyoandikwa kwenye boksi la 5800X isikudanganye. Kwa kawaida yake AMD inairuhusu prosesa hiyo kuvuta hadi 142 W kwenye AM4, yaani tundu la bodi ambamo prosesa inakaa. Prosesa za 65 W zinaruhusiwa hadi 88, nyingine 76 tu.

---

dada_ibanda

Natokea Bukavu. Mimi nachora nyumba na kutoa picha za 3D. Nina A520 pia, bila aluminiamu kama yako, ila prosesa yangu ni Ryzen 7 5700X. Nimefanya ulivyoandika, dakika 30 kamili. Kati ya mzunguko wa kwanza na wa mwisho tofauti haikufika hata 1 kwa 100. PROCHOT EXT: No. Chumba kilikuwa 22. Sasa ni bodi yangu iliyo bora, au ni baridi ya Kivu?

---

montaji_kamalondo

Dada, aksanti sana kwa kupima. Nadhani ni vyote viwili, na kikubwa zaidi ni 5700X. Ina viini 8 kama yangu lakini ni ya 65 W. Mosfeti zako zinabeba mzigo ulio mwepesi sana.

Hoja ya chumba nimeijaribu hapa. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, chumba kikiwa 22 kama kwako, nikarudia kipimo bila kugusa kitu chochote. Dakika ya 30 ikatoa 12,900. Mashine ileile, prosesa ileile, alfajiri 12,900 na mchana 9,460. Ndiyo maana naomba kila atakayeweka alama hapa aandike na joto la chumba na dakika alizopima. Alama isiyo na vitu hivyo haiwezi kumsaidia mtu wa Lubumbashi mwezi wa kumi.

---

mwanafunzi_kasapa

Ulipimaje joto la zile mosfeti? Bodi yangu haina kipimo chake kwenye HWiNFO.

---

montaji_kamalondo

Yangu pia haina, bodi nyingi ndogo hazina. Kwanza niliazima kile kipimo cha paji la uso kilichobaki tangu enzi za Covid. Hakifai, kinaishia nyuzijoto arobaini na kitu na kuandika «Hi». Kisha binamu yangu, ambaye ni fundi umeme kwenye mgodi, akaja Jumapili na bastola yake ya infraredi, ile wanayopimia mota na nyaya. Tukafungua kesi, tukawasha Cinebench, akaielekeza juu ya ule weusi wa mosfeti. Usiielekeze kwenye chuma kinachong'aa, itakupa namba ya uongo iliyo chini.

Dakika ya 3: 91. Dakika ya 7: 104. Ilipogusa 112 mwendo ukaanza kukatika mbele ya macho yetu. Binamu akasogeza kidole karibu bila kugusa, akasema huko mgodini mota ikifika hapo wanaizima kwanza, maneno baadaye.

Na kuna kosa nililifanya kwa nia njema. 5800X inauzwa bila kipoza, nikanunua kipoza cha mnara, kirefu, feni yake inapuliza kwa ubavu. Prosesa kinaipoza vizuri. Lakini vile vipoza vya zamani vya AMD, vya mviringo, vinapuliza kwenda chini, na upepo unaotoka unaipangusa bodi yote na mosfeti zikiwemo. Mnara wangu unapitisha upepo juu kwa juu. Mosfeti zangu zilikuwa zimekaa kwenye hewa iliyosimama.

---

yule_wa_bel_air

Kwa hiyo ulipaswa kununua Ryzen 5 5600 na bodi ya B550, iliyo daraja juu ya A520, bei ingekuwa ileile. Prosesa kubwa kwenye bodi ndogo ni pesa iliyotupwa.

---

montaji_kamalondo

Kwa anayeanza leo na pesa taslimu mfukoni, nakubali kabisa, na ningemshauri hivyohivyo. 5600 ni 65 W, viini 6, haiisumbui bodi ndogo. Lakini wengi wetu hapa hatununui vitu kwa siku moja. Prosesa inakuja na ndugu aliyesafiri, bodi unaipata ulipoipata, kumbukumbu (RAM) unavua kwenye mashine iliyokufa. Swali letu ni namna ya kupata kilicho bora kwenye vitu ambavyo tayari viko mezani. Na sikubali kwamba imetupwa. Angalia.

Niliingia BIOS, mipangilio ya bodi yenyewe, nikatafuta Eco Mode, nikachagua 65 W. Sikununua kitu. Mchana uleule wa nyuzijoto 33, kesi imefungwa: mzunguko wa kwanza 13,720, dakika ya 30 13,650. Mosfeti 88. PROCHOT EXT haikuwaka hata mara moja.

Nimepunguza umeme wa prosesa, na kazi imekwenda kasi zaidi. Harusi iliyochukua saa 3 na dakika 20 sasa inatoka kwa saa 2 na dakika 25.

Baada ya hapo nikachukua feni ya sentimita 12 kutoka kwenye bloku ya umeme iliyoungua, nikaifunga kwa kamba za plastiki ndani ya kesi ipulize mosfeti moja kwa moja. Nikakata na vipande vinne vya aluminiamu kutoka kwenye amplifaya ya zamani, nikavibandika kwa utepe wa kupitisha joto. Hapo kuwa mwangalifu sana: kipande kikiteleza kikagusa miguu ya kapasita, bodi imekwenda. Nilivipiga tupa kona zote na kuacha nafasi ya milimita mbili kila upande, nikakisukuma kila kimoja kwa kijiti cha mbao kuona kama kinacheza. Kimoja kilicheza. Nikakitoa, nikafuta mafuta juu ya mosfeti kwa alkoholi, nikakirudisha upya.

Kwa feni na aluminiamu, bila Eco: 14,790 mwanzo, 14,520 dakika ya 30, mosfeti 84. Harusi: saa 2 na dakika 15.

Hata hivyo nimebaki na Eco. Nimepima kwenye soketi ya ukutani: bila Eco mashine nzima inavuta 195 W ikitoa video, na Eco ni 130. Betri yangu ni ya volti 12, ampea-saa 200. Kwa karatasi ni 2,400 Wh, lakini betri ya risasi siishushi chini ya nusu, na konvertisa inakula sehemu yake, zinabaki kama 1,000. Kwa 195 W napata saa 5 na kidogo. Kwa 130 W nakaribia saa 8. Dakika kumi ninazozipata kwa kuachia prosesa ivute inavyotaka zinanigharimu zaidi ya saa mbili za betri umeme ukikatika.

---

mwanafunzi_kasapa

Mimi nina mashine ya zamani: bodi H61, Core i7-3770, kumbukumbu GB 8 kipande kimoja, Linux. Cinebench siwezi. Kwenye kipimo cha 7-Zip, ile programu ya kubana mafaili, napata alama ndogo sana nikilinganisha na wenzangu wenye 3770. Mwendo haukatiki, nimeangalia, unakaa 3.7 muda wote. Joto 68.

---

montaji_kamalondo

Kama mwendo haukatiki, basi si joto wala mosfeti. Tazama kumbukumbu. H61 ina njia mbili za kumbukumbu, wewe unatumia moja. DDR3-1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde kwa kila njia, zikiwa mbili ni 25.6. 7-Zip inasoma na kuandika kwenye kumbukumbu bila kupumzika, kwa hiyo inaona tofauti mara moja. Cinebench haioni sana, maana kazi yake nyingi inakaa ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo sababu napenda kupima kwa programu mbili. Zikikubaliana, vizuri. Zikipishana, zinakuonyesha pa kutafuta.

Tafuta kipande cha pili cha GB 8 au hata GB 4, kisha andika `7z b` mara tatu, uchukue ile ya katikati. Mara moja haitoshi, kwa sababu kama kivinjari kiko wazi au masasisho yanashuka nyuma yako, alama inayumba.

---

mwanafunzi_kasapa

Nimeazima kipande chumba cha jirani. Kutoka 15,900 hadi 18,700. Sikugusa kitu kingine. Kesho anakitaka.

---

katuba_2

Yaya, aksanti kwa hii uzi. Miye niko Katuba, niko na Ryzen 5 3600 juu ya A320. Njo vile na yangu inafanyaka: inaanza muzuri, kisha inachoka. R23 ya kwanza 9,150, dakika makumi tatu 7,900. Niweke Eco na miye?

---

montaji_kamalondo

Mdogo wangu, usiweke kitu bado. Niambie kwanza mambo matatu: joto la prosesa mwishoni, PROCHOT EXT inasema nini, na mwendo unakatika ghafla au unateremka polepole.

---

katuba_2

Joto 95, iko inabakia palepale. EXT: No. Mwendo inateremuka polepole, toka 4.0 mpaka 3.4.

---

montaji_kamalondo

Basi ugonjwa wako si wangu. 95 ndio mpaka wa 3600. Prosesa yenyewe inajizuia, bodi haijalalamika. Na kipoza kilichokuja na 3600 kinapuliza kwenda chini, kwa hiyo mosfeti zako zinapata upepo. Zima, toa waya ya umeme, fungua kipoza uangalie kati ya mapezi ya aluminiamu, chini ya feni. Juu panaweza kuonekana safi kabisa. Ukikiinua, prosesa za AM4 zinapenda kutoka pamoja na kipoza zikiwa zimeng'ang'ania: iwashe mashine dakika kumi kwanza ipate joto, izime, kisha kizungushe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Futa dawa yote ya zamani ya kupitisha joto, weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

---

fundi_wa_zamani

Na feni uishike kwa kidole unapopuliza vumbi. Ukiiacha izunguke kwa nguvu ya kompresa, beringi inaharibika.

---

katuba_2

Yaya, papa, nimefungua. Ile vumbi nyekundu ya barabara ilikuwa imefanya kama bulangeti chini ya feni, imefunika mapezi yote, nilitosha kipande kizima na mukono. Dawa ilikuwa imekauka kama udongo. Nimesafisha, nimeweka mupya.

Saa nane, chumba 32, kesi imefungwa. Ya kwanza 9,180. Dakika makumi tatu 9,090. Joto 83.